Rhaenyra Targaryen: malkia aliyefutwa kwenye orodha ya wafalme

Chukua orodha ya watawala walioketi kwenye Kiti cha Chuma, kiti cha enzi cha Westeros, bara la kubuni la mwandishi George R. R. Martin. Utamkuta Viserys wa Kwanza, anafuata Aegon wa Pili, kisha Aegon wa Tatu. Katikati yao hakuna mwanamke. Lakini aliyefuatilia tamthilia ya House of the Dragon tangu ilipoanza mwaka 2022 amemwona Rhaenyra, binti wa Viserys na dada mkubwa wa Aegon wa Pili kwa baba, kwa macho yake akivishwa taji, watu wakipiga magoti na kumwita malkia. Basi alikuwa malkia au hakuwa? Nyumbani kwetu swali hili limetukesha usiku mwingi. Mdogo wangu anasema mtoto wa kiume yupo, mrithi ni yeye, maneno yameisha. Mimi nasema baba aliwaapisha watu wazima mbele ya macho yake, na kiapo hakiozi pamoja na maiti ya aliyeapiwa.

Nimeisoma habari hii katika Fire & Blood, kitabu cha George R. R. Martin cha mwaka 2018 ambacho tamthilia imetolewa humo, na kadiri ninavyokirudia ndivyo ninavyoona kwamba sote wawili tunarahisisha mambo. Nitajaribu kulifungua fundo hili uzi mmoja mmoja. Anayefuata tamthilia tu na hajui mwisho, ajue kwamba nitafika hadi mwisho. Miaka nitakayoitaja ni ya kalenda ya Westeros, inayohesabiwa tangu Aegon Mshindi alipoziunganisha falme.

Tuanze na sheria, kwa sababu kila kitu kimekwama hapo. Westeros haina sheria iliyoandikwa ya nani arithi Kiti cha Chuma. Kuna mila. Kwa mila ya mabwana wengi wa Westeros, mtoto wa kiume hutangulia hata akiwa kitinda mimba. Wakikosekana wa kiume, binti wa marehemu hutangulia mbele ya ami yake. Dorne peke yake, kule kusini, hufuata uzawa wa kwanza bila kujali ni wa kiume au wa kike. Kwa mila hiyo ya wengi, Rhaenyra alikuwa mbele ya Daemon, ndugu wa baba yake, lakini nyuma ya mdogo wake yeyote wa kiume. Mdogo wangu hushikilia hapo, na kama mambo yangeishia hapo angekuwa na haki.

Ila ukoo wa Targaryen wenyewe ulikuwa umekwisha kuivunja mila hiyo mara mbili. Mwaka 92 mrithi wa Mfalme Jaehaerys, mwanawe Aemon, alikufa na kuacha binti mmoja, Rhaenys. Kwa mila, Rhaenys ndiye aliyefuata. Mfalme akampita mjukuu wake, akamteua mwana wake wa pili, Baelon. Baelon naye akafa mwaka 101, na mfalme mzee, akihofia damu kumwagika, akaita mabwana wa falme zote katika ngome ya Harrenhal wakae baraza na kuamua. Madai yakachujwa mpaka yakabaki mawili: Viserys, mwana wa Baelon, na Laenor, mtoto wa miaka saba wa yule Rhaenys aliyepitwa. Viserys akashinda kwa kura nyingi. Watu wakatoka Harrenhal wakiamini fundisho moja: Kiti cha Chuma hakiwezi kwenda kwa mwanamke, wala kwa mwanamume anayedai kupitia tumbo la mwanamke.

Hapa naomba msomaji atue kidogo, maana wengi hupapita mbio. Viserys aliingia ikulu kwa mlango ambao mwanamke alifungiwa. Kisha, miaka michache baadaye, yeye huyohuyo akamteua binti yake kuwa mrithi. Ukisema uamuzi wa Harrenhal ni sheria, Rhaenyra hana haki. Ukisema si sheria, basi hata Viserys hakustahili kutawala, na taji lilikuwa la Rhaenys au mwanawe. Njia pekee ya kumpa Rhaenyra haki bila kumvua baba yake ni kusema kwamba neno la mfalme liko juu ya mila na juu ya baraza. Na hicho ndicho Viserys alichokisema, ingawa hakukiandika popote kama sheria.

Kilichomsukuma kilikuwa msiba. Rhaenyra alizaliwa mwaka 97, akapanda joka lake, Syrax, akiwa na miaka saba, na watu walimpenda mpaka wakamwita Furaha ya Ufalme. Mwaka 105 mama yake, Aemma Arryn, alifariki katika uzazi. Mtoto aliyezaliwa, Baelon, alikuwa wa kiume, akaishi siku moja tu. Daemon, ambaye mpaka hapo ndiye aliyetazamiwa kurithi, akasikika katika danguro akimkejeli yule kichanga kuwa ni mrithi wa siku moja. Maneno yakamfikia mfalme akiwa bado na majonzi. Mabwana kwa mamia wakaitwa, wakapiga magoti mbele ya msichana wa miaka minane, wakaapa kumlinda yeye na haki yake.

Mwaka uliofuata mfalme akaoa tena. Alicent Hightower alikuwa binti wa Otto Hightower, Mkono wa Mfalme, yaani mtu wa kwanza serikalini baada ya mfalme mwenyewe. Mwaka 107 akazaa mtoto wa kiume, Aegon, kisha wakafuata Helaena, Aemond na Daeron. Viserys hakulibadili neno lake, na kwa hilo namheshimu. Lakini hakulilinda pia. Hakuitisha baraza jingine kufuta lile la Harrenhal, hakutunga sheria, wala hakuwaapisha upya mabwana vijana walioshika nafasi za baba zao waliokufa. Aliendelea kuamini kwamba kwa kuwa amesema, imetosha. Sisi tuliokulia katika koo zenye wake wawili na shamba moja tunajua wosia wa mdomo unavyoishia.

Uadui ulikuwa umeshapata rangi. Katika mashindano ya mwaka 111 Alicent alivaa gauni la kijani na Rhaenyra akavaa nyeusi na nyekundu, rangi za Targaryen. Tangu siku hiyo watu wa malkia wakaitwa Wakijani na watu wa binti mfalme wakaitwa Weusi.

Mwaka 114 mfalme akamwoza Rhaenyra kwa Laenor Velaryon, yuleyule mtoto aliyeshindwa Harrenhal. Ukiitazama kwa jicho la mirathi, ilikuwa ndoa ya akili sana, kwani mtoto wao angeunganisha dai lililoshinda na dai lililoshindwa, na jeraha la mwaka 101 lingepona. Walizaliwa watatu, Jacaerys, Lucerys na Joffrey. Shida ni kwamba baba na mama wote wawili walikuwa na nywele za fedha zilizo alama ya damu ya Valyria, nchi walikotoka mababu wa koo zao, na watoto wakatoka na nywele za kahawia, macho ya kahawia na pua bapa. Watu wakamtazama Harwin Strong, shujaa aliyekuwa karibu na Rhaenyra kila wakati, wakanong'ona.

Waswahili tulishalitolea hukumu jambo hili zamani: kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mume wa ndoa, na asiyetaka kumkubali ni mume mwenyewe, si jirani. Laenor aliwakubali. Babu yao mfalme aliwakubali, tena akatangaza kwamba atakayewaita wanaharamu atakatwa ulimi. Kisheria basi hapakuwa na kesi. Lakini siasa haikusubiri sheria. Madai ya Rhaenyra yalitegemea neno la baba tu, na sasa ile nguvu ya ziada aliyopewa na ndoa, yaani damu ya Velaryon kwa wanawe, ikawa mahali pa kumpigia. Laenor alipouawa mwaka 120 na Rhaenyra akaolewa haraka na ami yake Daemon, wale waliokuwa wakisitasita walipata sababu. Ndoa hiyo ilimpa wana wawili wenye nywele za fedha, Aegon na Viserys. Tutawahitaji mwishoni.

Viserys alikufa usingizini siku ya tatu ya mwezi wa tatu, mwaka 129. Alicent akaamuru chumba kifungwe na habari zisitoke. Siku zikapita. Harufu ikaanza kupita chini ya mlango, na ndani ya ikulu hiyohiyo watu wa kijani walikuwa wanapanga kutawazwa kwa Aegon. Mimi picha hii huniuma kuliko vita vyote vilivyofuata: maiti ya baba haijaoshwa, haijachomwa kwa desturi ya ukoo wake, na mirathi inagawanywa ukumbini.

Mzee mmoja tu alisimama katika kikao kile. Lyman Beesbury, mtunza hazina, alisema waliapa, na mrithi ni Rhaenyra. Hakutoka salama. Orwyle, tabibu mkuu wa ikulu, alieleza baadaye kwamba mzee alifungwa akafa kwa baridi gerezani. Kasisi Eustace aliandika kwamba Criston Cole, kamanda wa walinzi wa mfalme, alimkata koo palepale mezani. Mushroom, mchekeshaji wa ikulu, anadai Cole alimtupa dirishani. Nimetaja simulizi zote tatu makusudi. Karibu kila tunachokijua kuhusu Rhaenyra kimetoka kwa hawa: tabibu aliyekuwa anajitetea gerezani, kasisi aliyewapenda Wakijani, na mchekeshaji aliyependa uchafu kuliko ukweli lakini alikuwa upande wa Weusi. Rhaenyra mwenyewe hakuacha hata ukurasa mmoja. Anayesema "Rhaenyra alikuwa mkatili" au "alikuwa mlafi" ajiulize kwanza ni nani aliyemwambia.

Aegon akavishwa taji la Mshindi mbele ya maelfu ya watu katika mji mkuu, King's Landing. Rhaenyra, aliyekuwa katika kisiwa cha Dragonstone, alipata habari na uchungu wa uzazi ukamjia kabla ya wakati. Binti aliyezaliwa, Visenya, alizaliwa mfu. Naye akavishwa taji la baba yake, lililoletwa na mlinzi mmoja aliyelitorosha kutoka ikulu. Vita vilivyofuata huitwa Ngoma ya Majoka, na sitavisimulia vyote. Mwanawe Lucerys aliuawa angani na Aemond. Kwa kisasi, mtoto mdogo wa Aegon akachinjwa mbele ya mama yake. Rhaenys aliyepitwa mara mbili alikufa akimpigania Rhaenyra, na Jacaerys akafa baharini.

Sasa tuje kwenye utawala wenyewe, maana watu huuruka. Rhaenyra aliuteka mji wa King's Landing bila mapigano makubwa. Jeshi la mdogo wake, Aemond, lilikuwa limetoka, na askari wa mji, kikosi ambacho Daemon alikiongoza zamani, wakafungua malango. Alikaa mjini kama nusu mwaka. Siku ya kwanza aliketi kwenye Kiti cha Chuma akiwa amevaa deraya, akapokea viapo mpaka usiku, na alipoinuka watu wakaona damu miguuni na kwenye kiganja. Kiti kile kimetengenezwa kwa panga na humkata yeyote. Eustace akaandika kwamba kiti kimemkataa. Wafalme wengine nao kiliwakata, Viserys mwenyewe akapoteza vidole kwa jeraha la kiti hichohicho, na bado akaendelea kuitwa mfalme.

Kilichomwangusha kilikuwa sanduku tupu. Kabla Wakijani hawajaondoka, Tyland Lannister alikuwa ameigawa dhahabu ya ufalme mafungu manne na kuisafirisha: fungu moja Casterly Rock, moja Oldtown, moja benki ya Braavos, na la nne la kununulia marafiki na askari wa kukodi. Malkia akaingia ikulu akakuta vita na hakuna pesa. Mtunza hazina wake, Bartimos Celtigar, akatoza kila kitu: mvinyo, bia, ada za bandari, maduka, hata vitanda vya nyumba za wageni. Mji ulioshangilia alipoingia ukaanza kumlaani baada ya miezi michache. Mwenye duka hajali nani anatangulia kwa mila. Anajali ameshikwa na nani mfukoni.

Na ndani ya miezi hiyo kuna kesi moja ndogo ambayo, kwangu, inafungua yote. Mabwana wa Rosby na Stokeworth waliuawa kwa kubadilisha upande. Kila mmoja aliacha binti mkubwa na mtoto mdogo wa kiume. Nani arithi? Daemon alitaka mabinti wapewe na waozwe kwa wapanda majoka wapya, Hugh na Ulf. Corlys Velaryon, Mkono wa Malkia, akasema hapana: ukiwapita wana wa kiume kwa ajili ya mabinti, utavuruga mila ya karne nyingi na kila bwana mwenye dada mkubwa ataanza kuogopa. Haki ya Rhaenyra, akaeleza, ni ya pekee, kwa sababu baba yake alimteua kwa jina. Mabwana wale hawakuteua mabinti zao. Malkia akamkubalia Corlys, na mabinti wakapitwa.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliumia. Baadaye nikaelewa kwamba Rhaenyra hakuwahi kupigania haki ya mabinti. Alipigania neno la baba yake. Wanaomfanya bendera ya wanawake wanamvisha nguo ambayo hakuishona, na wanaomtukana kwa unafiki nao wanamwonea, kwa sababu hoja yake tangu mwanzo ilikuwa moja: mfalme amesema. Tatizo la hoja hiyo ni kwamba msemaji akifa, inabaki na nguvu ya walioapa tu.

Mwisho ulikuja kwa mfululizo. Hugh na Ulf walimsaliti vitani katika mji wa Tumbleton. Kwa hofu, malkia akaamuru wapanda majoka wengine wenye damu ya mitaani wakamatwe: Addam Velaryon, na Nettles, msichana aliyelizoeza joka pori kwa kulipelekea kila siku kondoo aliyetoka kuchinjwa. Hakuna kati yao aliyekuwa msaliti. Corlys akamwonya Addam, akafungwa kwa hilo, na watu wake wa baharini wakamwacha malkia. Hapa simtetei, aliukata mkono wake mwenyewe. Helaena, mke wa Aegon aliyekuwa mateka, akaanguka kutoka dirishani akafa, na mji uliompenda ukalipuka. Umati ukavamia banda la majoka. Majoka matano yakafa, Syrax akiwemo, na Joffrey, mwanawe, akafa akijaribu kuwafikia. Malkia akakimbia usiku. Njiani, Duskendale, aliliuza taji la baba yake apate nauli ya meli.

Aliyesoma historia ya Uingereza ataitambua njia hii, na Martin mwenyewe amesema alikochota. Mfalme Henry wa Kwanza alimpoteza mwanawe katika ajali ya meli mwaka 1120, akawaapisha mabwana kwa binti yake Matilda mwaka 1127. Alipofariki mwaka 1135, mpwa wake Stephen akawahi taji. Mwaka 1141 Matilda alimteka Stephen, akaingia London kwenda kutawazwa, akadai pesa kwa wenyeji, na wenyeji wakamfukuza kabla ya siku ya kutawazwa. Hakuwahi kuwa malkia. Mwanawe ndiye aliyevaa taji mwaka 1154, Henry wa Pili. Tofauti ni kwamba Matilda alizeeka akamwona mwanawe akitawala.

Rhaenyra alirudi Dragonstone akidhani anarudi nyumbani. Aegon wa Pili, aliyeungua na kulemaa, alikuwa ameshakiteka kisiwa na alikuwa anamngoja pamoja na joka lake Sunfyre. Tarehe 22 ya mwezi wa kumi, mwaka 130, alilishwa joka hilo mbele ya mwanawe Aegon, mtoto wa miaka tisa. Alikuwa na miaka 33. Aegon wa Pili akaamuru dada yake asiitwe malkia kamwe, aandikwe "binti mfalme" tu. Amri hiyo ndiyo jibu la swali letu la nyumbani: jina halimo kwenye orodha kwa sababu aliyemuua ndiye aliyeishika kalamu. Mwaka 131 naye akafa kwa sumu, na mtoto yule aliyetazama akawa Aegon wa Tatu. Waliomweka kwenye kiti wangeweza kuifuta amri. Wakaiacha, wakamwoza mtoto kwa binti wa Aegon wa Pili, na swali la nani alikuwa na haki likafukiwa pamoja na wafu. Kila mfalme wa Targaryen tangu hapo ni wa uzao wa Rhaenyra.

Aegon wa Tatu aliacha wana wawili na mabinti watatu. Wana wote wawili walitawala wakafa bila watoto, wa mwisho mwaka 171. Kwa mila, Daena, binti mkubwa, alitangulia mbele ya ami yake, kama vile Rhaenyra alivyomtangulia Daemon. Baraza likakumbuka Harrenhal, likakumbuka vita vya Rhaenyra, likampita Daena na kumpa taji ami yake. Huyo ami alikuwa Viserys wa Pili, mwana wa mwisho wa Rhaenyra.